Kwa nini unaokota siku ile hukuwa unatafuta: akili ya mtu mwenye ditekta

Ukikaa na vijana wa ditekta, ile mashine ya kutafuta metali ardhini, huku magharibi mwa Kenya, iwe Ikolomani, Shinyalu ama kule chini Migori upande wa Macalder, kuna kitu karibu wote watakuambia. Siku ile umetoka nyumbani na presha, kodi imefika, mtoto amerudishwa karo, hiyo siku hupati kitu, unachimba misumari mpaka jioni, alafu siku nyingine umeenda tu kupitisha muda, hata hujali, mashine inalia mahali umeshapita na unatoa kitu ambacho hakikuwa kwa mawazo yako kabisa. Wengine wanaita nyota. Wengine wanasema dhahabu ina wenyewe na haimpendi mtu wa tamaa. Na wako wanaoenda kwa mganga wasafishwe mikono kabla ya kushika mashine, na hiyo ni pesa inatoka, mara nyingi ya mkopo.

Mimi naamini hao vijana wameona jambo la kweli ila wanalieleza vibaya. Udongo hauna habari na roho ya mtu, kipande cha dhahabu kilichokaa kwa mwamba wa Kakamega tangu kabla binadamu hajakuwepo hakiwezi kujua kama umelipa kodi. Lakini kazi ya ditekta, ukiichunguza vizuri, sehemu kubwa inafanyika kwa kichwa cha mwenye kuishika, na hapo ndo hali ya akili inaingia na kuharibu ama kusaidia.

Tuanze na mashine, juu wengi wanadhani inaona chini. Haioni chochote. Ile sahani ya mbele ina koili za waya, moja inapitisha umeme unaogeuka-geuka maelfu ya mara kwa sekunde, huo umeme unatengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini, ikikutana na metali yoyote inaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na hiyo mikondo nayo inarudisha nguvu yake kidogo ambayo koili ya pili inaisikia. Mashine inapima tu vile huo mwangwi umechelewa na una nguvu kiasi gani, kisha inakisia. Msumari wa chuma unarudisha mwangwi wa aina moja, shaba nene na fedha wa aina nyingine, na hapo katikati ndo kuna shida, kwa sababu kipande kidogo cha dhahabu na foili ya pakiti ya sigara vinalia karibu sawasawa. Si ubovu wa mashine, ndivyo fizikia ilivyo, hata ile ya bei ghali itakubabaisha hapo. Ongeza udongo wetu mwekundu uliojaa oksidi za chuma, ambao wenyewe unaifanya mashine inung'unike kama hujairekebisha kufuatana na ardhi uliyosimama, na ongeza kwamba dhahabu nyingi ya huku iko ndani ya mawe ya kwatzi ama ni vumbi laini ambalo ditekta haliwezi kulisikia hata kidogo, ndo maana wengi wanaishia kuponda mawe na kuosha kwa karai. Kwa hivyo kila mlio unakuachia swali moja: nichimbe ama nipite?

Nimemwangalia kijana mmoja kwa shamba la mahindi lililovunwa, si mbali na Kakamega mjini. Asubuhi alikuwa anapiga magoti kwa kila mlio, hata ule mdogo unaosikika kama mbu kwa hedifoni. Anakata udongo na panga pande tatu, anaufungua kama kifuniko ili shamba la mwenyewe lisiharibike, anachukua udongo konzi moja anapitisha juu ya sahani, kimya, anamwaga kando, anachukua mwingine, unalia, anaugawa mara mbili, anapitisha tena, mpaka inabaki kitu kiganjani anakitemea mate na kukifuta na kidole. Kifuniko cha soda. Kinachofuata, foili. Kinachofuata, msumari wa mabati. Ilipofika saa nane alikuwa anasimama tu kwa milio mikubwa, ile midogo anaipita na kuniambia, "Hiyo ni foili tu mzee, twende." Nikamuuliza amejuaje. Akacheka, akaendelea kutembea.

Hakujua, hakuna namna angejua. Kilichobadilika kati ya asubuhi na saa nane si masikio yake na si mashine. Wanasaikolojia wanaosoma mambo ya kutambua ishara hafifu, kazi iliyokua pamoja na rada za vita, wanatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kuna uwezo wa mtu kusikia tofauti kati ya mlio wa maana na kelele, na kuna mstari ambao ameuweka kichwani, akisema mlio ukipita hapa ni kitu, ukiwa chini ni takataka. Ule uwezo haubadiliki haraka. Mstari ndo unatembea siku nzima bila ruhusa yako. Ukiwa na matumaini unashuka, unachimba kila kitu. Ukiwa umeudhika na takataka unapanda, na dhahabu ndogo inabaki chini ya mstari pamoja na foili. Kumbuka zinalia sawa, kwa hivyo mtu aliyechoka foili ameamua pia kuchoka dhahabu, ila hajui ameamua.

Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake Marekani walionyesha hii kitu kwa njia ambayo kila mtu wa ditekta angepaswa kuisikia. Waliwapa watu picha zilizojaa vitu, kama za mizigo inayopita kwa mashine ya uwanja wa ndege, watafute kifaa fulani. Kifaa kilipokuwa kwenye nusu ya picha, watu walikikosa kama asilimia 7 tu. Kilipokuwa kwenye picha 1 kati ya 100, walikikosa karibu asilimia 30. Macho ni yale yale, picha ni za aina ile ile, ila kitu kikiwa adimu akili inazoea jibu la "hakuna" na inaacha kutafuta mapema. Sasa fikiria dhahabu kwa shamba ambalo watu wameshapita, ni adimu kuliko hata hiyo. Kukata tamaa kwako hakuifukuzi popote, kunakufanya uipite ikiwa pale pale chini ya kiatu.

Uchovu nao una hesabu yake. Norman Mackworth alichapisha mwaka 1948 majaribio aliyoyafanya kwa sababu ya waendesha rada wa jeshi la anga la Uingereza waliokuwa wanakosa kuona nyambizi. Aliwaweka watu mbele ya mshale unaoruka hatua moja moja kama wa saa, mara chache sana unaruka hatua mbili, na kazi yao ni kugundua hiyo ya mbili, kwa saa mbili mfululizo. Umakini wao ulianza kuanguka ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa! Na sisi tunapita shambani kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua litue, kwa chai na mandazi, alafu tunashangaa.

Presha ina athari nyingine ya mwili kabisa, ambayo haihitaji saikolojia yoyote. Mtu mwenye haraka anapeleka mkono mbio na mwisho wa kila mpeto, yaani kila sahani ikipita upande hadi upande, anainua sahani juu, kama anafyeka nyasi. Sarafu iliyo chini kama sentimita 20 tayari iko karibu na mwisho wa uwezo wa mashine nyingi za kawaida, ukiinua sahani sentimita tano umeshaikosa, na ukipita mbio mashine haipati muda wa kutenganisha mwangwi mmoja na mwingine. Mtu aliyetulia anatembea polepole, sahani iko karibu na udongo, mpeto mmoja unapanda kidogo juu ya ule mwingine. Ukimwangalia kwa mbali utasema ana nyota nzuri.

Hapa lazima niseme kitu kingine ambacho kinapunguza ile hadithi ya siku ya utulivu. Tunakumbuka vibaya. Ile siku ulienda bila presha ukaokota, unaisimulia miaka yote. Zile siku nyingine ulienda bila presha ukarudi mikono mitupu hakuna anayezisimulia kwa sababu hazina hadithi, zimepotea. Na pia mara nyingi mambo yamegeuzwa, mtu aliokota kwanza ndo akatulia, ila akisimulia wiki ijayo anaanza na utulivu. Kwa hivyo sisemi utulivu unaleta mali. Nasema presha inaharibu vitu vinavyojulikana, mkono, mstari wa kuamua, na muda kabla akili haijalala, na hivyo vitatu vinatosha kueleza sehemu kubwa ya kile kinachoitwa nyota.

Sasa vile vitu usivyotarajia, ambavyo kwangu ndo sehemu tamu. Akili ikishaambiwa itafute kitu kimoja inaziba vingine, hata vikubwa. Mwaka 2013 watafiti Marekani waliwapa madaktari wa picha za mapafu kazi yao ya kila siku, watafute vinundu vinavyoweza kuwa saratani, na wakaweka ndani ya picha mchoro wa sokwe mkubwa mara nyingi kuliko kinundu. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Na mashine iliyofuata macho yao ilionyesha wengi walimtazama sokwe moja kwa moja. Hao ni mabingwa, si watu wazembe, waliziba kwa sababu ubingwa wenyewe ulikuwa umewaambia nini cha kutafuta. Kijana anayetafuta dhahabu peke yake kwa ardhi ya Siaya anaweza kukanyaga historia asubuhi mpaka jioni na asione, hasa kwa kuwa nyingine haina metali na mashine haitalia. Vyungu vya Urewe, ambavyo vimepewa jina la mahali pale karibu na Yala na ambavyo ni vya watu wa mwanzo kabisa kufua chuma eneo letu hili la ziwa, vilianza kujulikana na wasomi kwa sababu ya kiongozi mmoja wa kanisa la Anglikana, Walter Owen, aliyekuwa na tabia ya kuangalia makorongo yaliyoliwa na mvua. Vigae vina kidimbwi kidogo chini kwenye kitako, kama mtu amebonyeza na kidole. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1948 baada ya Owen kufariki, kwa jina lake pamoja na la wanaakiolojia Mary na Louis Leakey. Wakulima na wapita njia wangapi walikuwa wameona hivyo vigae, wakaviona ni vigae tu.

Kile cha metali ambacho kinakutana na watu wengi huku ni sarafu ya tundu. Karibu na soko za zamani, kando ya njia zilizokuwa zinaenda kituo cha reli, hasa Kisumu ambako reli ilifika mwaka 1901, unatoa senti kumi ya Afrika Mashariki, imekuwa ya kijani na nyeusi kwa kukaa chini. Iangalie vizuri kabla hujaitupa. Katikati kuna tundu, upande mmoja pembe mbili za ndovu zimejikunja kulizunguka, upande wa pili kuna taji na maandishi. Ikiwa ya mwaka 1936 soma jina la mfalme polepole, juu ziko za George wa Tano na ziko za Edward wa Nane. Huyo Edward alitawala chini ya mwaka mmoja akaachia kiti, na Uingereza kwenyewe sarafu zenye uso wake hazikutolewa rasmi kwa wananchi. Lakini za huku kwa sababu ya tundu hazikuwa na nafasi ya uso, zikapigwa jina tu, zikaletwa, na watu wa Kisumu na Kakamega wakanunulia chumvi. Bei yake si kubwa, zilitengenezwa nyingi, na mtu yeyote akikuambia sarafu ya zamani inavuta mchele ama ina nguvu ya kuleta mamilioni huyo anataka kukuibia. Ila kuishika na kujua unachoshika ni raha ambayo mtu wa dhahabu peke yake anaikosa, anaitupa kichakani pamoja na vifuniko vya soda.

Hadithi kubwa kuliko zote za kutafuta kingine ni ya Hoxne, Uingereza. Novemba 1992 mkulima aliyeitwa Peter Whatling alipoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes apite na ditekta. Lawes akakuta vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu za Kirumi, hazina ambayo ilikuja kuhesabiwa karibu sarafu 15,000. Na nyundo nayo ikapatikana, iko kwa makumbusho ya Uingereza pamoja na hiyo dhahabu. Nitarudi kwa Lawes kwa sababu alichofanya baada ya kuona ndo cha kujifunza zaidi.

Kwanza upande wenye uchungu. Ile hali ya siku moja moja kuokota, bila mpangilio, ndo inayoshika akili kuliko zote. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliona kwa wanyama kitambo sana kwamba ukiwalipa kila mara alafu uache, wanaacha haraka, lakini ukiwalipa bila mpango unaotabirika wanaendelea muda mrefu sana hata baada ya malipo kuisha. Na Wolfram Schultz, aliyepima kwa ubongo wa nyani seli za dopamini, ile kemikali inayohusika na zawadi na hamu, alionyesha zinawaka zaidi kwa zawadi isiyotarajiwa, na zawadi ikishazoeleka zinahamia kwa ishara inayoitangulia. Kwa lugha ya shambani, ule mlio kwa hedifoni unakuwa zawadi yenyewe. Moyo unaruka kabla hujagusa jembe. Hapo mtu anaweza kukaa miezi akila milio, hakuna gramu hata moja, na kila jioni anahisi alikaribia.

Kwa mtu wa mshahara anayepita Jumamosi, hiyo haina shida, ni starehe nzuri, kichwa kinapumzika, masaa yanapita hujui. Kwa kijana aliyechukua mashine kwa lipa pole pole, mkopo wa simu mmoja unalipa mwingine, ni kamari ile ile ya kwa simu ila hii ina jua na jembe. Hadithi zinamsukuma, kwamba Kakamega ilijaa wageni mwaka 1931 kwa sababu ya dhahabu, kwamba migodi ya Rosterman ilichimbwa miaka na miaka, na ni kweli, ila ilifungwa mwaka 1952 na walichoacha wale wenye mitambo si vipande vya kuokota. Ukiona ndugu yako ameanza kuficha amekopa kiasi gani, anarudi shamba lile lile usiku na tochi, anasema akiacha leo kesho mwingine ataokota mahali pake, huyo usimpeleke kwa mganga kuongezewa nyota. Mkae mhesabu madeni pamoja, mashine iuzwe ikibidi, na kama usingizi na chakula vimekataa aonane na mtu wa afya ya akili, hospitali kubwa za kaunti ziko na huduma hiyo.

Alafu kuna ile dakika kitu kimetokea kweli. Hiyo ndo hali mbaya ya akili kuliko zote, mbaya kuliko kukata tamaa, mikono inatetemeka, masikio yamezibwa, mtu anachimba na vidole na mawe na chochote, anataka kumaliza kabla jirani hajaona. Migori na Kakamega watu wamefukiwa kwa mashimo wakifuata mshipa wa dhahabu. Huku Kisii, ambako jeshi la Wajerumani liliingia Septemba 1914 likapigana na KAR, jeshi la wakoloni wa Uingereza, kinacholia kinaweza kuwa risasi ama kitu kibaya zaidi, na kama ni kitu kama bomu usikiguse, weka alama, sogea mbali, piga simu polisi.

Lawes aliona sarafu na vijiko, akatoa baadhi, alafu akasimama. Akaripoti, wataalamu wakaja kesho yake, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa bado imekaa vile ilivyowekwa walijua kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani vijisanduku vidogo, na vitu vingine vimefungwa kwa kitambaa na nyasi kavu. Yote hayo yangepotea kwa jioni moja ya haraka. Akalipwa pia, hazina ilithaminiwa pauni milioni 1.75 na akagawana na Whatling.

Kwetu sheria ni tofauti na uijue kabla moyo haujaanza kuruka. Madini yote yako chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali hata kwa mchimbaji mdogo, hata kama shamba ni la mama yako. Vitu vya kale viko chini ya Sheria ya Makumbusho ya 2006. Mahali pa kale kama Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingizwa kwa urithi wa dunia mwaka 2018, ama Hyrax Hill pale Nakuru, ditekta halina kazi huko kabisa, hata kama chini kumejaa chuma cha wahunzi wa zamani. Na ukikutana na kitu cha kale mahali pengine, sema kisu cha chuma kimeshikana na vigae ama mifupa, fukia kidogo, piga picha na uandike mahali ni wapi hasa, alafu uende makumbusho ya Kisumu ama Kitale. Sheria inakupa siku saba za kutoa taarifa, kwa hivyo hakuna haja ya kumaliza shimo jioni hiyo hiyo kwa tochi ya simu.